Kadi Ikigoma: Muuzaji wa Mtandaoni na Mteja Anayetakiwa Kuthibitisha Malipo



Mfanyabiashara wa Kikuubo, pale katikati ya Kampala, akipewa noti ya shilingi 50,000 huipapasa kwa vidole, kisha huiinua kwenye mwanga. Haoni haya kufanya hivyo, na mteja wake hajihisi ametukanwa. Wote wawili wamesimama hapo hapo. Noti ikiwa sawa, bidhaa inatoka. Ikitiliwa shaka, inarudi kwa mwenyewe na mambo yanaishia hapo.

Duka la mtandaoni halina mwanga huo. Muuzaji haoni kadi wala uso wa anayelipa. Anachopata ni namba, jina na anwani zilizoandikwa kwenye ukurasa wa malipo. Na siku hizi wauzaji wa namna hiyo wamo humu humu vyuoni: kuna anayeuza kanzu na kofia, kuna anayeuza hijabu, vitabu au asali. Baadhi ya wateja wao ni ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada au nchi za Ghuba, ambao wamezoea kulipa kwa kadi. Malipo yanapokwama, pande zote mbili hupata tabu. Mteja mwema huona amefanywa mwizi. Muuzaji naye, akiharakisha kutuma mzigo, huenda akapoteza mzigo pamoja na fedha.

Somo letu la toleo hili linaeleza malipo ya kadi yanavyohakikiwa, kwa nini uhakiki hushindwa hata kwa mtu mwaminifu, na muuzaji aseme nini na mteja wake hapo. Shabaha yetu ni moja: uhakiki ulioshindwa ni swali ambalo bado halijajibiwa. Muuzaji anayelichukua kama hukumu humdhulumu mteja, na anayelipuuza huidhulumu nafsi yake.

1. Malipo yanapita wapi?

Mteja akibonyeza "Lipa", maelezo ya kadi hayaendi moja kwa moja benki yake. Kwanza hufika kwa kampuni inayopitisha malipo, kama Pesapal au Flutterwave. Kutoka hapo huenda kwenye benki inayompokelea muuzaji fedha, kisha kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na mwisho kwenye benki iliyotoa kadi. Benki hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Hutazama kama kadi ipo, kama iko hai, kama fedha zinatosha na kama malipo yanafanana na mwenendo wa mwenye kadi. Kisha jibu hurudi kwa njia ile ile, yote hayo ndani ya sekunde chache.

Hapa kuna hatua mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni idhini: benki inakubali na kuziweka kando fedha za mteja. Ya pili ni kuchukua: muuzaji anaomba fedha hizo zihamie kwake. Katika hatua ya kwanza mteja huona salio lake limepungua, ilhali muuzaji hajapokea hata shilingi. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo chanzo cha ugomvi mwingi.

Haya yote hayatofautiani sana kati ya kadi ya mkopo na kadi ya kawaida inayokata akiba yako mwenyewe. Kwa hiyo hata wewe usiyetumia kadi ya mkopo, somo hili linakuhusu.

2. Mambo manne yanayokaguliwa

La kwanza ni mpangilio wa namba. Namba za kadi hufuata kanuni ya hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950. Anzia tarakimu ya pili kutoka kulia, uzidishe kwa 2 kila tarakimu ya pili ukielekea kushoto. Tokeo likifika 10 au zaidi, toa 9. Kisha jumlisha zote. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Chukua namba ya majaribio inayojulikana sana na waandishi wa programu: 4111 1111 1111 1111. Tarakimu zinazozidishwa ni 4, inayokuwa 8, na 1 saba, zinazokuwa 14 kwa pamoja. Zisizozidishwa ni 1 nane, yaani 8. Jumla ni 30, na 30 hugawanyika kwa 10. Kanuni hii hunasa makosa ya kuandika tu. Namba inaweza kuipita na isiwe ya kadi yoyote duniani.

La pili ni zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi, au 4 za mbele kwa kadi za American Express. Zinaitwa CVV. Kazi yake ni kuonyesha kwamba anayelipa ameiona kadi yenyewe, hakuokota namba tu mahali fulani. Lakini mtu aliyeiba kadi anazo, na aliyepiga picha pande zote mbili za kadi anazo pia.

La tatu ni anwani. Kuna huduma iitwayo AVS, inayotumika hasa Marekani, Kanada na Uingereza. Hulinganisha tarakimu za anwani aliyoandika mteja, pamoja na namba ya eneo la posta, na zile zilizoko kwenye kumbukumbu za benki yake. Jibu huja kwa herufi moja. Kwa kadi za Marekani, kwa mfano, Y ina maana vyote viwili vimelingana. A, mtaa umelingana lakini namba ya posta haikulingana. Z, namba ya posta imelingana lakini mtaa haukulingana. N, hakuna kilicholingana. U, taarifa hazipatikani.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Benki nyingi za Afrika Mashariki humwandikia mteja Sanduku la Posta, na mara nyingi ni la mzazi, la shule au la ofisi. Mwanafunzi wa Kampala akinunua kwenye duka la Marekani, fomu inamdai namba ya nyumba, jina la mtaa na namba ya posta. Anaandika chochote kinachokubalika na fomu. Jibu la AVS linakuja "haikulingana" au "haipatikani", na duka linafuta oda. Fedha zimo kwenye kadi na kadi ni yake, lakini mtambo uliundwa ukidhani kila mtu ana mtaa na namba ya nyumba.

Fahamu pia kwamba kwa kawaida AVS hailinganishi jina. Ndugu ambaye kadi yake imeandikwa "Mohamed", kitambulisho "Muhammad" na barua pepe "Muhamadi" hakukataliwa na mtambo huo kwa sababu ya tahajia. Muuzaji anayemkatalia kwa sababu hiyo ametunga sheria yake mwenyewe, na inafaa aifikirie upya. Katika jamii yetu jina moja lina tahajia tano, na mwenye jina hakuzichagua.

La nne ni uthibitisho kutoka benki ya mwenye kadi, unaoitwa 3-D Secure. Visa iliuanzisha mwaka 2001, na mitandao mingine ikafuata kwa majina yao. Katikati ya malipo, benki humtaka mteja aandike namba ya mara moja iliyotumwa kwenye simu yake, au akubali malipo ndani ya programu ya benki. Huu ndio uhakiki wenye nguvu zaidi kati ya hii minne, kwa sababu anayeulizwa ni mwenye akaunti, na anayemuuliza ni benki inayomjua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya uhakiki wa aina hii ulifanywa sharti kwa malipo mengi ya mtandaoni kuanzia Septemba 2019, ingawa utekelezaji wake ulikuja hatua kwa hatua. Uingereza ilianza kuusimamia kikamilifu Machi 2022. Sharti hilo halimfungi muuzaji wa Kampala. Lakini mteja wa London ameshauzoea, na muuzaji akiuomba hatashangaa.

3. Benki ikisema "hapana"

Benki inapokataa, hurudisha namba ya sababu. Mteja huona maneno mafupi tu, "malipo yameshindikana", lakini muuzaji mara nyingi huiona namba yenyewe kwenye ukurasa wake wa malipo. Zinazojitokeza mara kwa mara ni hizi:

• 14: namba ya kadi si sahihi. Mara nyingi ni kosa la kuandika. Mwombe aiandike upya.
• 54: muda wa kadi umekwisha. Huenda ameshapewa kadi mpya na tarehe imebadilika.
• 91: benki ya mteja haipatikani kwa sasa. Mteja hana kosa lolote. Ajaribu tena baadaye.
• 51: fedha hazitoshi.
• 05: benki imekataa bila kueleza sababu.
• 41 na 43: kadi imeripotiwa kupotea au kuibiwa.

Adabu ya muuzaji huonekana katika hizi tatu za mwisho. Ukipata 51, usimwandikie mteja "huna pesa kwenye akaunti". Salio la mtu ni siri yake na benki yake. Pengine pia simu inasomwa na mwenzake, au ameagiza kwa niaba ya mama yake. Tosheka na kusema: "Benki yako haikuidhinisha malipo. Tafadhali wasiliana nayo, au tumia njia nyingine ya kulipa." Maneno hayo ni ya kweli, na hayamvunjii mtu heshima.

Ukipata 05, usijifanye unaijua sababu. Benki hutumia jibu hilo kwa mambo mengi: huenda kadi haijafunguliwa kwa manunuzi ya nje ya nchi, huenda benki imeshtushwa na malipo yasiyo ya kawaida. Benki ndiyo yenye jibu, na ni mwenye kadi tu anayeweza kuiuliza.

Ukipata 41 au 43, usijaribu tena kuikata kadi hiyo, na usimwambie aliyeagiza kwamba kadi ni ya wizi. Akiwa mwizi, umemtahadharisha. Akiwa mwenye kadi aliyeipoteza wiki iliyopita, akaiokota na kusahau kwamba aliifunga, umemtukana bure. Mjulishe kwamba kadi hiyo haiwezi kutumika, na usimamishe oda hiyo.

4. Benki imekubali, lakini muuzaji ana shaka

Hii ndiyo hali ngumu zaidi. Idhini imetoka, lakini kuna jambo halikulingana. Tuchukue mfano. Dada mmoja anayeishi London anaagiza kanzu 2 na juzuu kadhaa za vitabu, vipelekwe kwa mdogo wake Jinja. Anwani ya kadi iko Uingereza, mzigo unakwenda Uganda, na majina mawili ni tofauti. Mitambo mingi ya kugundua utapeli ingeiwekea oda hiyo alama nyekundu. Kwetu ni jambo la kila siku: aliyeko nje ananunulia walioko nyumbani.

Kwa hiyo usishike dalili moja tu. Tazama kama zimekusanyika. Zinazostahili kukusimamisha ni kama hizi: kadi tatu au nne tofauti zimejaribiwa kwa dakika chache kwa oda moja; oda ni kubwa kuliko kawaida na mteja haulizi saizi wala rangi; anwani ya kupeleka imebadilishwa baada ya malipo kupita; mteja anataka mzigo utoke leo hii kwa gharama yoyote.

Kuna ujanja mmoja ambao muuzaji mdogo lazima aujue. Mteja analipa zaidi ya bei, kisha anaomba ile ziada uitume kwa pesa za simu kwa "msafirishaji" wake. Kadi ni ya wizi. Mwenye kadi akigundua, fedha zote zitarudishwa kwake kutoka kwako, na zile ulizotuma kwa simu zimekwenda. Kanuni ni nyepesi kuikumbuka: fedha zilizoingia kwa kadi zirudi kwa kadi ile ile. Usizirudishe kwa simu, wala kwa akaunti nyingine, hata mteja akilalamika vipi.

Ukishaamua kuuliza, uliza upesi, kwa upole, na mpe mteja njia ya kujibu. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Assalaam alaykum, dada yetu. Tumepokea oda yako ya kanzu 2 na vitabu, ahsante sana. Anwani uliyoandika haikulingana na iliyoko benki yako. Hili hutokea mara nyingi, hasa mtu akihama au akimnunulia ndugu yake. Kabla ya kutuma mzigo tunakuomba ulipie upya kupitia kiungo tulichokutumia. Benki yako itakuuliza moja kwa moja kuthibitisha. Malipo ya kwanza tumeyafuta. Tafadhali usitutumie picha ya kadi wala namba yoyote ya siri. Tusipopata jibu hadi kesho saa kumi jioni, tutafuta oda, na hutakatwa chochote. Ukipenda kuzungumza, namba yetu ya simu ni ile ile iliyoko dukani."

Tazama yaliyomo. Sababu imetajwa bila kumshutumu. Mteja ameelezwa kwamba wengine nao hupatwa na hali hiyo. Njia ya kutoka ipo, na haimlazimishi kumkabidhi muuzaji siri yoyote. Muda umewekwa, na hatima ya fedha imeelezwa. Mtapeli akipata ujumbe huu aghalabu hunyamaza, kwa maana benki ya mwenye kadi hawezi kuijibu. Mteja wa kweli hulipia upya kwa dakika mbili. Na kama benki yake haina uthibitisho huo, bado unaweza kumwomba alipe kwa njia nyingine, kama kutuma kutoka akaunti ya benki, au ndugu yake wa Jinja alipe kwa pesa za simu siku ya kupokea mzigo.

Kupiga simu pia kunasaidia, lakini usikutegemee peke yake. Aliyeandika namba ya simu kwenye oda ndiye atakayeipokea, awe mwenye kadi au mwingine.

5. Usiyopaswa kumwomba mteja

Wauzaji wengi wadogo, wakipatwa na shaka, huandika: "Tutumie picha ya kadi yako mbele na nyuma, pamoja na kitambulisho." Nia yao ni njema, lakini wanachoomba ni hatari. Picha hiyo ina kila kitu anachohitaji mwizi. Inakaa kwenye simu ya muuzaji, kwenye simu ya msaidizi wake, na kwenye nakala zinazohifadhiwa zenyewe mtandaoni. Simu ikiibiwa Wandegeya jioni, kadi za wateja wote zimeibiwa pamoja nayo.

Mitandao ya kadi ina kanuni za usalama ziitwazo PCI DSS, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2004. Kanuni hizo zinamkataza muuzaji kuhifadhi CVV baada ya idhini kutolewa, hata kwa kuificha kwa maandishi ya siri. Kwa hiyo muuzaji aliyejaza picha za kadi katika WhatsApp yake amevunja masharti ya kupokelea malipo, hata kama hajamwibia mtu.

Namba ya mara moja inayotumwa na benki, pamoja na namba ya siri ya kadi, haviombwi kwa hali yoyote ile. Mteja akikutumia mwenyewe kwa kutojua, ifute na umwambie asirudie. Kuhusu kitambulisho, kumbuka kwamba Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019. Ukichukua taarifa binafsi za mtu, uwe na sababu halali, uzitumie kwa sababu hiyo tu, na usizihifadhi kuliko inavyohitajika. Duka la kanzu kwa kawaida halina haja ya pasipoti ya mtu.

Taarifa za mteja ni amana. Usichokichukua, hutaulizwa umekipeleka wapi.

6. "Mmenikata pesa na mzigo hamkutuma!"

Sasa turudi kwenye zile hatua mbili za mwanzo. Benki imeidhinisha, fedha zimewekwa kando, kisha muuzaji akafuta oda kwa sababu ya shaka. Mteja anafungua simu na kuona salio limepungua. Anaandika kwa hasira, naye muuzaji anajibu kwa hasira: "Sisi hatujapokea chochote!" Wote wawili wanasema kweli. Fedha zimezuiliwa benki. Hazijafika kwa muuzaji, wala hazijarudi kwa mteja.

Muuzaji ana wajibu hapa. Kufuta oda kwenye daftari lake hakutoshi. Inampasa atume ombi la kufuta idhini kupitia kampuni inayopitisha malipo, ili benki iziachie fedha mapema. Asipofanya hivyo, idhini huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, mara nyingi wiki moja na wakati mwingine zaidi. Kwa mwanafunzi aliyetenga fedha hizo kulipia mtihani au pango, wiki moja ni ndefu mno.

Kisha amweleze mteja kwa lugha nyepesi: oda imefutwa, ombi la kuachia fedha limetumwa siku fulani saa fulani, na namba ya kumbukumbu ni hii. Mteja akienda na namba hiyo benki, atahudumiwa kwa wepesi zaidi. Mambo yangekuwa mengine kama fedha zilikuwa zimeshachukuliwa. Hapo muuzaji hurejesha malipo, na urejeshaji huweza kuchukua siku kadhaa kuonekana kwenye akaunti.

7. Mteja akipinga malipo benki

Mwenye kadi akiona malipo asiyoyatambua, ana haki ya kuyapinga kwenye benki yake. Kwa Visa na Mastercard, muda wa kufanya hivyo kwa madai mengi ni siku 120. Benki huzichukua fedha kutoka upande wa muuzaji, na aghalabu muuzaji hutozwa pia ada ya shauri hilo. Kama mzigo umeshaondoka, amepoteza mzigo, fedha na ada. Mapingamizi yakizidi, anaweza kufungiwa kabisa kupokea kadi. Kwa hiyo idhini ya leo isihesabiwe kuwa mwisho wa jambo.

Ulinzi mkubwa ni ule uthibitisho wa 3-D Secure. Malipo yakithibitishwa kwa njia hiyo, hasara ya kadi iliyotumiwa kwa utapeli kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Lakini haumkingi muuzaji ambaye hakutuma mzigo, au aliyetuma kitu tofauti na kilichoagizwa. Hapo makosa ni yake.

Weka kumbukumbu: oda yenyewe, mazungumzo na mteja, risiti ya basi au ya kampuni ya kusafirisha, na sahihi ya aliyepokea. Hakikisha pia jina litakaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mteja linafanana na jina la duka lako. Watu hupinga malipo halali kwa sababu tu duka walilijua kwa jina moja na benki ikawaonyesha jingine.

8. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi

Andika anwani kama ilivyo kwenye kumbukumbu za benki yako, hata kama ni Sanduku la Posta la mzazi. Tumia sehemu ya anwani ya kupelekea mzigo kwa mahali ulipo sasa. Uliza benki kama kadi yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Hakikisha namba ya simu waliyo nayo benki ndiyo unayoitumia leo, maana namba ya uthibitisho haitakufuata kwenye laini mpya.

Malipo yakikataliwa, usibonyeze mara kumi. Wezi hujaribu kadi hivyo hivyo, na benki inaweza kuifunga ya kwako kwa kukufananisha nao. Simama, soma ujumbe, piga simu benki. Na muuzaji akikuomba picha ya kadi au namba ya mara moja, kataa kwa adabu na ununue kwingine.

Maswali ya majadiliano

1. Mteja analipa shilingi 400,000 kwa bidhaa ya shilingi 250,000, anaomba 150,000 zitumwe kwa dereva wake kwa simu. Utafanya nini, na utamwandikia maneno gani?
2. Jibu la benki ni 51. Andika ujumbe kwa mteja usiofichua siri ya akaunti yake.
3. Duka limeamua kukataa kadi zote za nchi fulani kwa sababu liliwahi kutapeliwa na mtu mmoja wa huko. Nani anadhulumika, na kuna njia gani nyingine ya kujilinda?
4. Kagua kwa kanuni ya Luhn: je, 4111 1111 1111 1112 inaweza kuwa namba halali ya kadi? Onyesha hesabu.
5. Umefuta oda leo. Orodhesha mambo matatu ambayo mteja anapaswa kuyajua kabla siku haijaisha.